Tablo ya mamba muntu: nyoka acha kwanza, angalia macho

Mudogo, umetuma foto ya ile tablo ya mamba muntu ya baba yako mkubwa, yaani mwanamke nusu samaki juu ya jiwe, nyoka begani, saa mkononi, na mtumbwi mdogo kule nyuma, sasa unauliza kama ni ya uchawi na juu ya nini inakutia huzuni. Hapa Lubumbashi miaka ya 1970 hizi zilikuwa mu saloni nyingi sana, mimi nimekula ugali chini ya moja utoto wote.

Kila mtu anakimbilia nyoka. Nyoka hana maana moja, angalia kazi za Pilipili Mulongoy, yule mchoraji wa Hangar, shule ya kuchora ya Mfaransa Romain-Desfossés iliyoanza hapa Lubumbashi 1946, kwake nyoka ni nyoka tu, anatafuta ndege wa kula, basi. Wewe anza na macho. Huyu mama hamwangalii mtu wa mtumbwi, anakuangalia wewe uliyekaa kwa kiti, njo maana unajisikia vibaya, amekuingiza mu mambo yake bila kukuomba. Tena ona mwanga: mwezi uko kushoto lakini bega linalong'aa ni la kulia, na maji ni buluu moja nzito, hakuna hata wimbi. Mu ndoto pia iko vile, unaona kila kitu na taa huioni.

Sasa njo uingie kwa hadithi. Wazee wanasema ukiokota kitana chake au nywele zake atakuja usiku kuzidai, atakupa makuta (pesa) mengi ukinyamaza, na malipo ni mtu wa familia. Kwa hiyo, ile saa, ngozi nyeupe na nywele ndefu ni mali ya kizungu, ile mfanyakazi wa kompanyi aliiona kila siku na mshahara haukuifikia. Mimi ile saa naisoma kama deni linalohesabiwa, wengine watakuambia ni pambo la mtu tajiri tu, haina neno. Ila yule wa mtumbwi hana uso, na kwangu huzuni yote iko pale: hatujui kama ni yeye anapokea mali ao ni yeye anatolewa kuwa malipo.

Uchawi hapana. Kitu cha uchawi nani anakitundika mahali wageni wanakaa? Geuza nyuma, nyingi zilichorwa kwa nguo ya mfuko wa unga, ukiona maandishi ya unga usiioshe na maji, rangi itabanduka. Halafu uliza mama mkubwa iliingia lini mu nyumba, wakati mzee alipata kazi ao kisha matanga, juu hapo hata mimi naweza kubadilisha ile maneno ya deni.