Rapa Anapoimba Roki: Ninavyopima Kama Wimbo Unamfaa Kijana Wangu

Binti yangu alipokuwa na miaka 14 aliniomba ruhusa ya kusikiliza wimbo wa roki ulioimbwa na rapa anayempenda sana, nami nikakataa kabla hata ubeti wa kwanza haujaisha. Nilikuwa nimesikia jina la rapa, nikasikia gitaa la umeme likinguruma na mtu akipaza sauti, nikaona hayo yanatosha. Siku tatu baadaye niliusikiliza peke yangu, maneno yake yakiwa mbele yangu, nikakuta ni wimbo wa kijana anayemlilia rafiki aliyeharibiwa na dawa za kulevya, wenye tusi moja tu. Kilichonisumbua zaidi ni kwamba mwezi uliotangulia nilikuwa nimemruhusu wimbo mwingine wa msanii huyohuyo, wa sauti laini na kinanda cha kupendeza, ambao kiitikio chake kinausifu ulevi wa vidonge kana kwamba ndio mapumziko pekee aliyobakiwa nayo mwanadamu. Nilihukumu kwa kelele, na kelele zikanipotosha mara mbili.

Marapa kuhamia kwenye roki si jambo la jana. Ice-T aliunda bendi ya metali, yaani roki nzito yenye kelele zaidi, na mwaka 1992 wimbo mmoja wa bendi hiyo kuhusu kuwaua polisi ulizua mgogoro mkubwa nchini Marekani hadi ukaondolewa kwenye albamu. Lililonivutia nilipousoma mkasa huo ni kwamba wengi waliupinga kwa kuuita wimbo wa rapu, ingawa muziki wake ni gitaa na ngoma za metali tangu mwanzo hadi mwisho. Lil Wayne alitoa albamu ya roki mwaka 2010, na Machine Gun Kelly akaelekea huko mwaka 2020. Katika nyimbo za namna hii, mzazi hujikuta anaihukumu sifa ya mwimbaji, au anauhukumu mtindo wa muziki, na wimbo wenyewe haupati nafasi ya kusikilizwa.

Wapo wanaotegemea alama ya tahadhari inayowekwa kwenye albamu na nyimbo zenye maneno makali, nami nilikuwa mmoja wao. Historia yake ilianza na mzazi kama sisi: Tipper Gore, mke wa mwanasiasa wa Marekani Al Gore, alimnunulia binti yake albamu ya mwanamuziki Prince, akashtushwa na maneno ya wimbo mmoja, naye pamoja na wenzake wakaanzisha kampeni iliyofika mbele ya kamati ya Seneti ya Marekani mwezi Septemba 1985. Kampuni za kurekodi zilikubali kuweka ilani kwa hiari, na mwaka 1990 ikapata sura moja inayofahamika hadi leo. Katika programu za kusikilizia muziki mara nyingi utaiona kama herufi E (ya neno la Kiingereza “explicit”) pembeni mwa jina la wimbo. Hata hivyo, anayeamua kuiweka ni kampuni au msanii mwenyewe, na ilani hiyo haitaji umri wowote. Haikuambii kama ndani kuna neno moja la hasira au dakika nne za kumdhalilisha mwanamke. Na wimbo usio na hata neno moja chafu, ukiwa umejaa kukata tamaa, unaweza kupita bila alama yoyote.

Ninachokitazama kwanza siku hizi ni kiitikio, na hapa ndipo roki ya rapa inapotofautiana na rapu yake ya kawaida. Katika rapu maneno ni mengi, yanakwenda mbio, na jambo baya linaweza kutajwa mara moja likapita. Rapa huyohuyo anapoimba roki mara nyingi hupunguza maneno, na kile anachobakiza hukirudia kwa sauti ya juu, kwa lahani nyepesi kushikika, mpaka msikilizaji anaimba pamoja naye bila kujua. Kwa sababu hiyo tusi lililomo katika ubeti wa pili hunisumbua kidogo kuliko sentensi safi ya kiitikio inayosema kwamba maisha hayana thamani, kwa kuwa hiyo ya pili ndiyo mwanangu ataiimba akiwa bafuni, akiwa njiani, na akiwa amelala macho usiku wa manane.

Baada ya hapo najiuliza ni nani anayesema ndani ya wimbo, na wimbo unamwacha wapi. Kutaja jambo si kulisifu. Katika kikao kile cha 1985 mbele ya kamati ya Seneti, mwimbaji John Denver alieleza jinsi vituo vya redio vilivyokataa kupiga wimbo wake kwa kudhani unahusu dawa za kulevya, wakati yeye aliimba furaha ya kuiona milima na nyota za Colorado. Naye Dee Snider, mwimbaji wa roki, alisema wimbo wake ulioshutumiwa kuwa wa ukatili wa kingono ulihusu hofu ya mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji. Wote wawili walisomwa kwa neno mojamoja. Kwa hiyo nafuata wimbo mzima: anayezungumza anajuta, anaomba msaada, anajigamba, au anamwalika msikilizaji amfuate? Mwaliko ndio ninaoukataa.

Toleo lililosafishwa halinipi amani sana, maana huondoa neno na kuacha maana ilivyokuwa. Video naitazama kivyake, kwa kuwa wimbo mpole unaweza kubebeshwa picha ambazo singependa mtoto wa miaka 13 azione.

Hayo yote, hata hivyo, ni nusu tu ya kazi, kwa sababu wimbo humfaa au haumfai kijana fulani, katika kipindi fulani cha maisha yake. Kijana wa miaka 17 aliyetulia anaweza kuusikiliza wimbo wa huzuni nzito ukampunguzia mzigo, ilhali mdogo wake, aliyeachwa na marafiki wiki iliyopita, akauchukua kama ushauri. Nikiona kijana anarudia wimbo mmoja wa kukata tamaa kwa siku nyingi huku akijitenga, halali vizuri wala hali vizuri, siuzungumzii wimbo tena. Namuuliza waziwazi kama anafikiria kujidhuru, na namtafutia mshauri nasaha au daktari bila kuchelewa. Kuufuta wimbo katika simu yake wakati huo kungeninyima dirisha pekee alilonifungulia.

Nilirudi kwa binti yangu nikamwomba radhi, nikamwambia tuusikilize pamoja, tukauweka mara mbili. Nilimuuliza swali moja tu: ni mstari gani anaoupenda, na kwa nini. Nilitarajia ataje ule wa hasira. Alitaja mstari mfupi ulio karibu na mwisho, pale mwimbaji anapokiri kwamba hakumpigia simu rafiki yake siku aliyopaswa kumpigia, kisha akaniambia kuhusu msichana wa darasani kwao ambaye kwa wiki mbili hakuwa amemjulia hali. Wimbo nikauruhusu. Ule wa kinanda tuliusikiliza jioni hiyohiyo, mstari kwa mstari, na akauondoa mwenyewe.