Cheti cha polisi pekee hakitoshi kumwajiri mlezi wa watoto

Dada, umeuliza kama cheti cha tabia njema kutoka polisi kinatosha kumpa mtu kazi kwenye kituo chako cha kulelea watoto. Nimeajiri walezi kwa miaka mingi, na jibu langu ni hapana. Kidai, tena kiwe kimetokana na alama za vidole, lakini usiishie hapo.

Cheti kinakuonyesha aliyetiwa hatiani tu. Wengi wanaowadhuru watoto hawajawahi kufikishwa mahakamani, kwa sababu mtoto mdogo hajui kueleza yaliyompata, na wazazi wengine humhamisha kimya kimya. Uingereza ililiona hilo kwa uchungu mwaka 2002, pale Soham, mtunza majengo wa shule alipowaua wasichana wawili wa miaka 10. Polisi wa eneo alikoishi awali walishapokea tuhuma kadhaa dhidi yake. Isitoshe, aliomba kazi kwa jina jingine la ukoo. Ndiyo maana kila mwombaji namtaka aniandikie majina yote aliyowahi kutumia na kila mahali alipoishi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2014 nayo inataka mlezi akaguliwe katika kila jimbo aliloishi ndani ya miaka 5 iliyopita, na ukaguzi urudiwe angalau kila miaka 5.

Ila kilichonisaidia kuliko karatasi zote ni simu kwa mwajiri wa zamani. Usitegemee namba aliyokuandikia mwombaji, huenda ni ya shangazi yake. Itafute mwenyewe namba ya kituo, uongee na mkuu wake. Ukiuliza "alikuwa mfanyakazi mzuri?" utajibiwa ndiyo, basi. Uliza: "Leo akirudi, utampokea?" Halafu nyamaza, umsikilize. Kuna mkuu mmoja alikaa kimya muda mrefu, akaniambia anaomba tusiliongelee. Cheti cha yule mwombaji kilikuwa safi kabisa, nami sikumchukua.

Mwombaji akiwa na miaka asiyoieleza alikuwa akifanya nini, muulize bila kumshuku. Wengi walikuwa wanauguza mzazi au kulea watoto wao.

Majibu ya uchunguzi yakichelewa, mlezi mpya asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja, hasa chooni na wakati wa kulala. Mpishi na dereva wapite uchunguzi uleule. Na kama kituo kiko nyumbani kwako, kila mtu mzima anayeishi humo achunguzwe pia, hata akiwa ndugu yako wa damu.