Maswali ya Wasomaji: Hodi, Kahawa na Udi katika Nyumba za Unguja ya Zamani

SWALI: Babu husema zamani Mji Mkongwe, mtu akipiga hodi tu walishajua kalelewa vipi. Hodi ilikuwa na adabu gani?

JIBU: Hodi zilikuwa tatu, na baina yake mgeni alingoja kiasi cha aliye ndani kumaliza swala, kujistiri au kushuka ngazi, maana nyumba nyingi za mji ni za ghorofa. Kuzimimina zote tatu kwa pumzi moja ni kama kupiga hodi moja ya fujo. Alisimama ubavuni mwa mlango, ili ukifunguliwa jicho lake lisitangulie kuingia. Akiulizwa "Nani?" alitaja jina, kwa sababu "Mimi" haimwambii mwenye nyumba lolote. Hodi ya tatu isipoitikiwa alikwenda zake bila kinyongo. Msingi wake ni mafundisho ya Kiislamu: Sura ya An-Nur, aya ya 27 na 28, inakataza kuingia nyumba ya mtu bila ruhusa, na ukiambiwa rudi, urudi.

SWALI: Tunamwoza binti yetu, nasi tunataka wageni wapokewe kwa haluwa, kahawa na udi kama walivyofanya wazee. Kipi kinatangulia?

JIBU: Haluwa kwanza. Kahawa ni chungu, haitiwi sukari, kwa hiyo utamu uwe umeshatangulia mdomoni. Mgeni anamega kwa vidole vitatu vya mkono wa kulia, upande ulio mbele yake. Kuchokoa katikati ya sahani ni aibu. Wekeni maji ya kunawia karibu, kwani samli ya haluwa inaganda vidoleni.

Mmiminaji anashika dele, yaani birika la kahawa, kwa kushoto na vikombe kwa kulia. Anaanza na mkubwa wa heshima, kisha anafuata upande wa kulia. Kikombe kisijae: thuluthi inatosha, ili kinyweke kingali moto na kisimuunguze mtu vidole, maana hakina mkono. Mgeni asipofanya ishara ataongezewa. Akitosheka anakitikisa kidogo anapokirudisha. Mfundisheni mmiminaji ishara hiyo mapema. Vijana wengi hawaijui, wanaendelea kumimina hadi mgeni anaona haya.

Udi ndio wa mwisho, na hapa ndipo shughuli nyingi za leo zinapokosea. Kwa desturi iliyokuja na Waomani, chetezo, chombo cha kufukizia udi, kikishapita mgeni anajua ni wakati wa kuaga. Mkikipitisha kabla ya kahawa, mmewafukuza watu kwa heshima! Makaa yaive mpaka yafunikwe na majivu meupe, ndipo mtie kipande kidogo cha udi. Kwenye moto mkali kinaungua kabla ya kutoa harufu, chumba kikajaa moshi wa kukohoza. Mwanamume anajifukiza kanzu na kilemba, mwanamke nguo na nywele. Mrashi, chombo cha kunyunyizia, wenye marashi ya mawaridi unapita papo hapo: matone machache viganjani, msiwalowanishe watu.

SWALI: Na mtu wa mashoto?

JIBU: Alipokea, alikula na kupeana mikono kwa kulia kama wengine, kwa kuwa kushoto ni mkono wa chooni. Mwenye jeraha au ulemavu hakulaumiwa.