Jibu: Kwa nini sikuona kiti cha useneta wa jimbo kwenye kura ya 2024, Minnesota?

Ndugu, karatasi yako haikuwa na kasoro. Maseneta wa jimbo la Minnesota huchaguliwa miaka inayoishia na 2, 6 na 0, hivyo zamu yako ni Novemba 2026. Mwaka 2024 lilijazwa pengo moja tu, wilaya ya 45. Wawakilishi wa bunge la jimbo ndio huchaguliwa kila baada ya miaka miwili.

Kuhusu namba: wilaya za useneta ni 67, na kila moja imegawanywa A na B za wawakilishi. Ukiwa 38A, seneta wako ni wa 38 nzima.

Tafadhali usingoje Novemba tu. Kura ya mchujo, ya kuchagua wagombea wa vyama, hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti, na penye chama kimoja chenye nguvu, kiti huamuliwa hapo. Ukiwa raia hujajiandikisha, jiandikishe kituoni siku hiyo hiyo. Ukikosa hati ya makazi, mpiga kura aliyesajiliwa kituo hicho anaweza kuapa kwamba unaishi hapo.

Ofisi ya seneta ipelekee shida za idara za jimbo, mfano leseni ya udereva. Uraia na viza ni vya serikali kuu: mwandikie mbunge wako wa Washington.