Friji ya gari ikizima Kitulo, usikimbilie duka la betri

Betri hubeba lawama zisizo zake. Taa zikififia, pampu ya maji ikikoroma bila kutoa maji, friji ikizima saa nane usiku, jibu la haraka ni moja: betri imekufa, nunua nyingine. Betri ya sola ya ampea-saa 100 si hela ya kitoto. Nimekuwa nikizunguka Nyanda za Juu Kusini na HiAce niliyoigeuza chumba cha kulala, na magari ya wenzangu nimeyafungua mengi tu. Mara nyingi betri ninayoikuta ni nzima. Umeme unapotelea njiani, kati ya betri na kifaa.

Barabara zetu zina mchango wake. Panda zile kona 57 kutoka Chimala kwenda Matamba, au chukua vumbi la Iringa kuelekea Ruaha, halafu ukifika shika kila nati kwa mkono. Utakuta iliyolegea. Waya uliobanwa ovyo kwa koleo unachezacheza kwenye lagi yake (kile kichwa cha chuma cha mwisho wa waya) mpaka nyuzi zinakatika moja moja, na kwa macho huoni kitu kwa sababu tepu nyeusi imefunika yote. Ukiteremka Matema kwenye joto na unyevu wa ziwa, shaba iliyo wazi inaanza kuota ule ukungu wa kijani.

Vifaa vya kutafutia tatizo ni vichache: maltimita ya kawaida, taa ya kichwani, spana namba 10, msasa, fyuzi za akiba na waya mmoja mrefu, mita tano au sita, wenye kibanio kila upande. Huo waya mrefu nitaueleza mbele. Tesita ya taa inafaa kujua kama umeme upo au haupo, lakini haikuambii uko kiasi gani, na kwenye gari la kulala kiasi ndicho kila kitu.

Anza na betri yenyewe, ila ipime ikiwa imepumzika. Zima kila kitu, iache saa kadhaa. Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa inasoma 12.6 hadi 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, na ikifika 12.0 umeitumia kupita kiasi. Ukiipima dakika chache baada ya kuzima injini utaona 13 na ushee ukafurahi bure. Hizo ni volti za juu juu, zitashuka. Betri za lithiamu za fosfeti hazifuati jedwali hili. Zinakaa 13.2 au 13.3 karibu safari nzima kisha zinaanguka ghafla, kwa hiyo usizihukumu kwa volti peke yake.

Na kumbuka baridi. Kitulo iko juu, kama mita 2,600, na kati ya Juni na Agosti usiku unaweza kufika kwenye barafu. Betri ya asidi ikiwa kwenye nyuzi sifuri inatoa takriban asilimia 20 pungufu ya inayotoa kwenye joto la kawaida. Si mbovu, imepigwa baridi tu. Ya lithiamu usiichaji kabisa ikiwa chini ya sifuri. Subiri jua liwake, gari lipate joto.

Sasa kipimo ambacho watu wengi wanakiruka: pima kifaa kikiwa kinafanya kazi. Waya mbovu usiopitisha mzigo utakuonyesha volti 12.5 safi kabisa. Uambie ubebe ampea tano ndipo utaona rangi yake halisi.

Rafiki yangu mmoja alikuwa na friji inayojizima kila ikijaribu kuwasha kompresa. Fundi aliyetangulia alishasema betri, na mwenyewe alikuwa anajipanga kutafuta hela. Tulipima kwenye betri friji ikiwa inazunguka: 12.4. Tukapima nyuma ya friji, kwenye soketi yake: 11.1. Volti 1.3 zimepotea ndani ya gari lenye urefu wa hatua chache! Friji hizi za kompresa zina ulinzi wa kujizima volti zikishuka, zikifika 11 na ushee au 10 na ushee kutegemea ulivyoiseti, na kompresa inapoanza huvuta zaidi ya inapozunguka. Kwa hiyo ilikuwa inajizima kwa haki yake.

Tukagawa upotevu. Ncha moja ya mita kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye chanya ya friji (hapa ndipo waya mrefu unapofanya kazi, kwa sababu ncha za mita hazifiki). Kisha upande wa hasi vilevile. Waya uliotumika ulikuwa wa milimita za mraba 1.5, urefu mita sita kwenda na sita kurudi. Ukipiga hesabu ya shaba, hizo mita 12 zina ukinzani wa karibu omu 0.14. Zidisha kwa ampea tano, unapata volti 0.7. Kwa waya wa milimita za mraba 6 ungepoteza chini ya 0.2. Kwenye nyumba ya volti 230, kupoteza 0.7 hakuna atakayejua. Kwenye volti 12 ni msiba.

Hizo 0.6 zilizobaki zilikuwa kwenye ethi, pale waya za hasi zinapofungwa kwenye bodi ya gari. Chini ya kiti cha dereva kulikuwa na bolti moja, na juu yake lagi nne zimerundikwa: friji, pampu, taa na redio. Nilipoifungua, chini ya lagi ya mwisho rangi ya gari ilikuwa bado inang'aa, haijakwanguliwa hata kidogo. Umeme wote ulikuwa unapita kwenye meno ya bolti, nayo yana kutu. Tukakwangua kwa msasa mpaka chuma cheupe, tukabana kwa nguvu, tukapaka grisi juu ili maji yasiingie. Pale kwenye bolti mita ikashuka hadi 0.05. Waya wa friji alibadilisha baadaye. Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, nitakujibu ethi, tena kabla hujagusa kitu kingine.

Kuhusu fyuzi sina mengi. Ikiungua, kuna sababu. Weka nyingine ya ampea zilezile. Ikiungua tena hapohapo kuna shoti, tafuta waya uliosuguliwa na bati. Wanaofunga karatasi ya kung'aa ya pakiti ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi wanalala ndani ya gari lenye mapazia na godoro. Sitaki kuendelea.

Betri inayojaa jioni na kuisha bila wewe kutumia kitu ni kesi nyingine. Toa waya wa hasi, pitisha mita katikati ukiwa umeiweka kwenye ampea 10, funga milango, subiri kompyuta za gari zilale. Upande wa gari, chini ya miliampea 50 ni kawaida. Usiwashe injini mita ikiwa hapo, utaiunguza. Kama inasoma zaidi, chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ishuke. Mwizi ninayemkuta sana ni inveta, ile inayogeuza volti 12 kuwa 230, iliyoachwa imewashwa. Nyingine huvuta karibu ampea moja bila kuchomekwa chochote, na kwa siku nzima hiyo ni ampea-saa 24, robo ya betri ya 100.

Upande wa chaji, washa injini upime betri ya gari: 13.8 hadi 14.4. Betri ya nyumba, ile ya friji na taa za kulala, nayo inatakiwa ipande. Ikibaki 12.4, angalia rilei inayounganisha betri mbili na fyuzi zake kabla ya kumsumbua fundi wa alteneta. Kwa sola, ujue huku kwetu mwezi wa sita jua la mchana linakaa upande wa kaskazini, kwa hiyo egesha paneli zielekee huko, na kivuli cha tawi moja la mkaratusi kinaweza kukunyima sehemu kubwa ya umeme. Ukitaka kutoa betri, tangulia kuchomoa paneli, vinginevyo kontrola inayosimamia chaji ya sola inaweza kuungua.

Volti 230 za inveta au za TANESCO pale kambini usizipime kwa kubahatisha. Hizo zinaua. Mwachie mwenye kazi yake.

Ikitokea umepima yote na betri kweli ndiyo mbovu, dukani angalia tarehe iliyogongwa kwenye betri mpya, maana ya asidi iliyokaa rafuni muda mrefu bila chaji inakuwa imeanza kuchoka. Waombe waipime kwa mzigo mbele yako. Wakikataa, vuka barabara. Mwanjelwa, pale Mbeya mjini, maduka ya betri hayajaisha.