Tuzo sawa, lakini nani kaipigia kura?

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama tuzo imewahi kutuchagulia kitabu kizuri. Swali limenigusa, maana nimechoka kuona watu wakinunua muhuri wa dhahabu ulioko kwenye jalada badala ya kitabu chenyewe. Nitajibu kwa kitabu kimoja tu: Stories of Your Life and Others cha Ted Chiang, Mmarekani ambaye kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya kiufundi ya programu za kompyuta. Kilitoka 2002 kikiwa na hadithi nane za kubuni za kisayansi, na mwaka uliofuata kikapata Tuzo ya Locus, jarida la Marekani la hadithi za aina hiyo, ya mkusanyiko bora. Wengi wanakijua kupitia filamu ya Arrival ya 2016, iliyotokana na hadithi mojawapo humo.

Mimi aliyenithibitishia ubora wake ni marehemu mjomba wangu, fundi mwashi wa Tanga.

Enzi za mgao wa umeme tulikuwa tukikaa barazani, nikawa namsimulia hadithi ya kwanza, "Tower of Babylon". Humo mnara wa Babeli umejengwa kweli, ukapita mwezi, ukapita jua, hadi ukagusa dari ya mbingu, na wachimbaji wanaitwa kutoka Elamu, nchi ya kale jirani na Babeli, waje kuitoboa. Kupandisha matofali kutoka chini hadi juu ni safari ya miezi minne. Mjomba hakushughulika na mbingu. Aliuliza matofali ni mabichi au ya kuchoma. Ya kuchoma, nikamwambia. Yanashikwa na nini? Lami. "Hapo sawa, maji hayapenyi." Akataka kujua vibarua wanakula nini huko juu, nikamweleza kuwa wako watu waliohamia mnarani kabisa, wanalima mboga kwenye vibaraza.

Tukafika kwenye mwiko wa fundi mwashi. Mwenyeji wa mnarani anamwambia mgeni, mmoja wa wale wachimbaji, kwamba fundi akiangusha mwiko watu huangua kilio, kwa kuwa mwingine utafika baada ya miezi minne. Lakini akianguka mtu mwiko wake ukabaki, moyoni wanapumua. Sijamaliza, mjomba akanikatiza: "Mwongo huyo! Mwiko una uzito gani? Si wangepandisha ya akiba pamoja na matofali?" Nikaendelea kusimulia, na mgeni wa hadithini naye anauliza hilohilo, mwenyeji anacheka, kumbe alikuwa anamtania. Mjomba alijipiga paja. "Huyu anaijua kazi." Akaniamuru nianze upya, polepole, nisiruke kitu.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema tuzo si lolote. Kadiri ninavyoendelea naona sitawatendea haki waliopiga kura. Tuzo ya Locus hupigiwa kura na wasomaji. Nebula, tuzo nyingine ya hadithi za kubuni za kisayansi, ambayo hadithi hii ya mnara iliipata, hupigiwa kura na waandishi wenyewe, watu wanaojua hadithi inavyojengwa kama mjomba alivyojua ukuta. Zaidi ya hayo, mwaka 2003 Chiang alikataa kuteuliwa kuwania Hugo, tuzo nyingine ya aina hiyo, kwa hadithi inayofunga kitabu hiki, "Liking What You See", kwa sababu iliharakishwa na haikutoka alivyotaka. Mtu anayekataa sifa asiyoridhika nayo, zile alizozipokea naziheshimu.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kwa kitabu hiki, na pale tu ninapojua nani kapiga kura. Muhuri usiosema nani kaamua bado haunifungui pochi, ingawa nakiri kuna vitabu vizuri vilivyopita kwa njia hiyo pia. Na si kila hadithi humu itamfaa kila mtu. "Division by Zero" inamhusu mwanahisabati anayegundua kuwa hesabu yenyewe inajipinga, akavunjika. Iacheni mpaka mwisho, na kama hesabu ilikutesa shuleni, irukeni bila wasiwasi.