Mradi Ukifika Kituoni, Uliza Nywila Itabaki kwa Nani

Mimi ni fundi sanifu wa maabara, mwajiriwa wa serikali, katika kituo cha afya cha ngazi ya nne huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda. Nimeiona miradi mitano ikija na kuondoka. Siichukii. Hapa kijijini kuna watoto wanaosoma darasa la tano leo, waliozaliwa salama na mama wenye VVU kwa sababu dawa zilinunuliwa na fedha za wafadhili. Nakuandikia wewe unayeanza kazi, ambaye siku moja utaona gari jeupe likiingia uani na sanduku jipya nyuma.

Sisi tuliletewa mashine ya kupima kifua kikuu pamoja na kijana wa kuiendesha, aliyelipwa na mradi. Alikuwa hodari, na kwa kuwa alikuwa hodari hakuna kati yetu aliyejisumbua kujifunza. Mkataba wake uliisha mwishoni mwa Septemba. Jumatatu tukawasha kompyuta ya mashine, ikadai nywila. Tukampigia simu, namba haikupatikana. Tukauliza ofisi ya mradi, nayo ilikuwa inafungasha. Siku 11 zilipita hivyo. Katika siku hizo alikuja mama mmoja kutoka upande wa mpaka wa Kongo, amebeba makohozi ya mumewe kwa mara ya tatu.

"Daktari, na leo pia?" aliniuliza kwa Kiswahili.

"Mama, mashine ipo, ila haifunguki."

Alinitazama, akakaa kwenye benchi, hakusema tena. Jibu lile linanikera mpaka leo, maana lilikuwa la kweli.

Tangu siku ile sisaini hati ya kupokea kifaa kabla sijauliza maswali yangu, hata mgeni awe na haraka kiasi gani. Nani atanunua vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, mwaka wa tatu? Kikiharibika, fundi atatoka wapi, na mafuta ya kumleta yako kwenye bajeti ya nani? Ni wafanyakazi gani wawili wa serikali, siyo mmoja, watakaofundishwa hapa hapa mezani, kwa sampuli za wagonjwa wetu? Mafunzo ya siku tatu hotelini yana posho nzuri na chai nzuri, lakini mkono hujifunza kwa kurudia. Na daftari: ukiambiwa ujaze rejesta ya mradi pembeni ya ile ya Wizara, kataa kwa heshima. Mradi ukiondoka, rejesta yake huondoka nayo, na takwimu za wagonjwa wako zinabaki na pengo ambalo hutaliziba.

Kuna wanaosema misaada haijengi chochote. Hao nawaambia watazame Entebbe. Taasisi ya utafiti wa virusi, UVRI, ilianzishwa mwaka 1936 na Rockefeller Foundation ya Marekani kwa ajili ya homa ya manjano. Mwaka 2000 Ebola ilipozuka Gulu, sampuli zilisafirishwa hadi Afrika Kusini ndipo ugonjwa ukathibitishwa. Watu 425 waliugua na 224 wakafariki, akiwamo Dkt. Matthew Lukwiya wa Hospitali ya Lacor, aliyeambukizwa akihudumia wagonjwa. Mwaka 2010, kwa msaada wa CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, UVRI ikawa na maabara ya homa za virusi zinazosababisha kutokwa damu. Septemba 2022 Ebola ikatokea Mubende, na safari hii jibu lilitoka Entebbe, ndani ya nchi. Mlipuko ulitangazwa kwisha Januari 2023, baada ya wagonjwa 142 waliothibitishwa, 55 kati yao wakiwa wamefariki.

Fedha za nje zilikuwepo kote kuwili, kwetu na Entebbe. Tofauti ninayoiona ni kwamba Entebbe fedha ziliingia katika taasisi yenye wataalamu wa nchi hii waliokuwa wakifanya kazi hiyo miaka nenda miaka rudi, na ujuzi ukawa na mahali pa kulala. Kwetu uliletwa na mtu mmoja, ukaondoka na mtu mmoja.

Halafu ikaja Januari 2025. Tarehe 20 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje. Kwetu washauri nasaha na makarani wa takwimu walioajiriwa na mradi waliambiwa wabaki nyumbani. Tarehe 30, Ebola ikatangazwa Kampala. Wizara ya Afya ikaelekeza kliniki za VVU na kifua kikuu zilizojitenga ziunganishwe na huduma za kawaida za wagonjwa wa nje. Sista wetu mkuu alipanga zamu upya kwa usiku mmoja. Aliweza kwa sababu mwaka uliotangulia alikuwa ameng'ang'ania kila muuguzi azunguke kliniki ya VVU mwezi mmoja, na wengi tulimlalamikia. Nami nilimlalamikia. Alikuwa sahihi.

Na wewe uliyeajiriwa na mradi wenyewe, kaa meza moja na mtumishi wa serikali. Kila unachofanya, mwezi ujao afanye yeye huku ukimtazama.

Machi mwaka huu moduli moja kati ya nne za mashine yetu, yaani sehemu zinazopima sampuli, ilikufa. Fundi wa karakana ya vifaa tiba ya Arua alikuja Alhamisi, akaitoa, akajaza fomu ya kuagiza nyingine, na zile tatu zikaendelea kupima mchana ule ule. Mafuta yake yalilipwa na fedha za PHC, yaani za serikali kwa huduma za msingi za afya, za robo ile ya mwaka, kiasi tulichokiweka kwenye mpango wa kituo baada ya kubishana na kamati kikao kizima. Nywila imo ndani ya bahasha, kwenye kabati la dawa lenye kufuli, na sista wa zamu anajua ilipo.